Nani Atasoma Hili Daftari?

Wasee, leo sina vichekesho. Leo tuongee kuhusu fomu. Ndio, fomu. Hii kitu umejaza mara mia tangu uanze shule bila kuuliza inaenda wapi.

Shangazi yangu anafanya kazi uwanja wa ndege. Si rubani, wala si wale wahudumu wa ndani wenye skafu shingoni. Yeye ni wa pale chini: mizigo, ngazi, zamu ya usiku, baridi ya saa kumi alfajiri. Yeye na wenzake walikuwa na chama cha kawaida tu, kila mwezi mnachanga, mmoja anabeba. Halafu ikaja 2020. Ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa nchini tarehe 25 Machi, na hazikurudi mpaka 1 Agosti. Watu wakatumwa nyumbani, mishahara ikakatwa, wengine hawakuitwa tena. Chama kikakosa pesa ya kuzungusha. Lakini waliendelea kupigiana simu, na baadaye kukutana, kwa sababu walikuwa wamepata kitu kingine cha kuzungusha: maneno. Nani halali usiku. Nani ameanza kunywa asubuhi. Nani anasema vitu vya kutisha. Bila kujua, walikuwa wameanzisha ule mpango ambao mashirika makubwa ya ndege huko nje yanaajiri wataalamu kuuendesha: wafanyakazi wanaosikilizana wao kwa wao.

Mwaka jana ofisi moja kazini kwao ikasikia habari za kikundi. Ikasema iko tayari kuwapa chumba, chai na nauli kidogo. Sharti lilikuwa moja tu: takwimu. Wanakuja wangapi, wana shida gani, wanatoka idara gani, wanapona ama hawaponi. Shangazi akanipigia. Mimi ndiye mtu wa kompyuta kwetu, hata kama niliacha chuo mwaka wa pili. "Nitengenezee fomu ya maana, mwanangu," akasema, "hawa watu wa ofisi wasituone washamba."

Nikatengeneza. Maswali 14. Jina, namba ya kazi, idara, zamu, umri, tatizo lako, je unakunywa, je umewahi kufikiria kujiua. Nikaweka rangi za kampuni juu. Nikajiona mjanja sana.

Kwa siku mbili watu tisa wakajaza. Wa kumi hakujaza. Alimwandikia shangazi maneno mawili: "Nani atasoma?"

Shangazi akanifowadia. Sikuwa na jibu. Na kwa sababu mimi nikikosa jibu silali, nikanunua bando nikaanza kusoma: hawa watu wa ndege, ambao kazi yao kosa moja linaua mia, wao walifanyaje? Nilidhani nitapata mwongozo wa kurasa mbili. Nikapata historia ya miaka 50, na karibu kila ukurasa wake umeandikwa baada ya mazishi.

Mlima ambao kampuni moja ilikuwa imeshauona

Tuanze tarehe 1 Desemba 1974. Boeing 727 ya shirika la TWA la Marekani inaelekea Washington, hali ya hewa ni mbaya, inaambiwa iende kutua uwanja wa Dulles. Mwongozaji wa ndege anawapa ruhusa ya kukaribia uwanja. Marubani wanaelewa kwamba sasa wanaweza kushuka. Mwongozaji, kwa upande wake, anaamini marubani wenyewe watakaa juu ya milima mpaka waivuke. Kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayeangalia. Ndege inagonga mlima unaoitwa Mount Weather, Virginia. Watu wote 92 wanakufa.

Uchungu zaidi ulitoka kwenye uchunguzi. Wiki kama sita kabla ya hapo, marubani wa shirika lingine, United, walikuwa wameelewa ruhusa ya aina hiyo hiyo vibaya, mahali pale pale, wakakosa mlima kwa nafasi ndogo. Waliripoti kwa kampuni yao. Kampuni yao ilikuwa na utaratibu wa ndani wa kuripoti bila kuadhibiwa, kwa hivyo ikawaonya marubani wake. Ila onyo halikutoka nje ya ukuta wa kampuni. TWA hawakupata habari.

Somo la kwanza hilo: habari ilikuwepo. Mtu alikuwa amesema. Lakini alisema mahali ambapo sauti haikufika mbali.

Serikali ya Marekani ikaamua, sawa, tuanzishe utaratibu wa taifa zima. Mwaka 1975 mamlaka yao ya usafiri wa anga, FAA, ikawaambia marubani: tuleteeni makosa yenu, hatutawaadhibu. Hebu fikiria. Huyo ni yule yule anayetoa leseni na kuinyang'anya. Ni kama askari wa trafiki asimame barabara ya Thika na daftari, awaambie madereva wa matatu: jamani, andikeni hapa kila mlipovunja sheria leo, ni ya utafiti tu. Nani ataandika?

Wakaelewa haraka. Mwaka 1976 sanduku likahamishwa kwa NASA. NASA ni watu wa anga za juu na utafiti, hawana leseni ya mtu mfukoni, hawawezi kumfuta rubani kazi. Na wakaweka utaratibu ambao mimi nikiusoma nilisimama kidogo. Fomu ina kipande juu chenye jina na anwani yako. Mchambuzi akipokea ripoti, anaweza kukupigia simu akuulize kitu hakueleweka. Akimaliza, kile kipande kinakatwa, kinapigwa muhuri wa tarehe, kinarudishwa kwako kwa posta. Wao wanabaki na kisa. Wewe unabaki na jina lako. Halafu ndani ya kisa chenyewe wanatoa vile vitu vingine vinavyoweza kumtaja mtu.

Sikiza vizuri hapo, kwa sababu ndipo mimi nilikuwa nimepotea. Jina lilikuwa na kazi: kukupigia simu. Kazi ikiisha, jina linaondoka. Fomu yangu ilikuwa na jina kwa sababu... fomu huwa na jina. Sikuwa na sababu nyingine.

Na tangu mwanzo walisema wazi siri inafika wapi. Ukiripoti ajali ama jinai, kinga hiyo haikufuniki, ripoti itapelekwa kwa wahusika na jina lako. Hakuna aliyedanganywa kwamba siri haina mwisho. Ripoti zilizopokelewa tangu hapo zimepita milioni 1. Watu hawaandiki mara milioni moja kwa mtu wasiyemwamini.

Rubani mlevi na rafiki yake

Hiyo ilikuwa kuhusu makosa ya kazi. Lakini kosa la kazi ni rahisi kulisema kuliko "nimevunjika ndani".

Miaka hiyo hiyo ya sabini, chama cha marubani wa Marekani, ALPA, kilikuwa na shida nyingine. Marubani walevi. Kila mtu aliwajua, hakuna aliyesema, kwa sababu kumsema mwenzako kulikuwa ni kumzika: leseni imeenda, nyumba imeenda, ndoa pengine nayo imeenda. Kwa hivyo marafiki walimfunika. Walimfanyia zamu. Walimpa peremende za kutafuna. Huo ndio ulikuwa "msaada" wa wenzao: kumficha mpaka aue watu.

Mwaka 1974 wakaanza mpango unaoitwa HIMS, kwa pesa za taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulika na ulevi. Wazo lake ni kwamba anayemkabili rubani awe rubani mwenzake, tena mara nyingi ambaye mwenyewe alishapitia. Unaenda kutibiwa, unafuatiliwa, na ukipona unaweza kurudishiwa cheti cha afya na kuruka tena. Maelfu wamerudi kazini kwa njia hiyo.

Sasa, mpango huu si wa siri kabisa. Ukiingia, mwenzako anayekufuatilia anaandika ripoti, msimamizi kazini anaandika, daktari anaandika, na zinaishia kwa mamlaka inayotoa cheti. Mwanzo nilishangaa, nikasema hawa si ndio wanavunja kila kitu? Halafu nikaona tofauti. Rubani anaambiwa mapema nani ataandika nini na itaenda wapi, na anajua anachopata upande wa pili: kazi yake. Unaweza kusema bei ni kubwa, na wako marubani wanaosema hivyo. Lakini bei imeandikwa mlangoni. Fomu yangu haikuwa na bei yoyote mlangoni. Ilikuwa na nembo nzuri tu.

Mwaka 2013 na mwaka 2015

Hapa naomba tuende polepole, ni pazito.

Tarehe 29 Novemba 2013, ndege ya shirika la Msumbiji, LAM, iliondoka Maputo kwenda Luanda. Haikufika. Ilianguka ndani ya hifadhi ya Bwabwata, Namibia, ikiua watu wote 33. Uchunguzi ulionyesha kwamba rubani mkuu alibaki peke yake chumbani, mwenzake akiwa nje ya mlango, na ndege ikashushwa kwa makusudi. Hii ilikuwa Afrika, majirani zetu. Ukiuliza watu mtaani hapa, wengi hawajawahi kuisikia.

Ya 2015 wameisikia. Tarehe 24 Machi, ndege ya Germanwings kutoka Barcelona kwenda Düsseldorf ilianguka kwenye milima ya Alps, Ufaransa. Watu 150. Rubani msaidizi alikuwa amemfungia mwenzake nje.

Mimi nilikuwa shule ya msingi, na ninachokumbuka ni watu kusema "alikuwa mwendawazimu" basi, kesi imefungwa. Ripoti ya wachunguzi wa Ufaransa, BEA, iliyotoka mwaka uliofuata, haisemi kirahisi hivyo. Huyu kijana alikuwa amewahi kusimamisha mafunzo yake kwa sababu ya mfadhaiko mzito. Akatibiwa, akarudi, na tangu 2009 cheti chake cha afya kilikuwa na alama: ugonjwa ukirudi, cheti hakifanyi kazi. Mwishoni mwa 2014 ukarudi. Akaona daktari baada ya daktari. Wiki mbili kabla ya ajali mmoja alimshauri alazwe hospitali ya akili. Nyumbani kwake wapelelezi walikuta barua za daktari za kumpumzisha kazini zimechanwa.

Habari ilikuwepo tena! Safari hii ilikuwa imeandikwa, tena na madaktari. Haikufika kwa yeyote ambaye angeweza kusema "leo usiruke". Madaktari waliogopa sheria ya usiri ya Ujerumani. Na yeye aliogopa kitu ambacho vijana wa hapa tunakielewa bila kutafsiriwa: mkopo. Mafunzo ya urubani yalikuwa yamemwachia deni la makumi ya maelfu ya euro, na kupoteza cheti ni kupoteza mshahara wa kulilipa. Wewe mwenye HELB unajua hiyo hesabu.

Baada ya hapo dunia ikagawanyika. Upande mmoja ulipiga kelele: ondoeni siri! Kila daktari aripoti kila rubani! Ukiwa umepoteza mtoto ndani ya ile ndege, nani atakulaumu kwa kusema hivyo? Lakini hebu ifuate hoja mpaka mwisho. Ukijua daktari ataripoti kila kitu, hutaenda kwa daktari. Yule kijana angalau alikuwa anaenda. Anayemfuata hataenda popote, na hakutakuwa hata na barua za kuchana.

BEA wenyewe hawakuchagua upande mmoja. Walisema mambo matatu kwa pamoja. Kwanza, kuwe na sheria zilizo wazi za lini daktari anapaswa kuvunja usiri, pale ambapo maisha ya watu wengine yako hatarini. Pili, kampuni zipunguze hofu ya kupoteza riziki, kwa sababu ndiyo inayofunga midomo. Tatu, kuwe na vikundi vya wenzao kazini, mahali pa kusema kabla mambo hayajawa ya daktari na mahakama.

Umoja wa Ulaya ukatunga kanuni mwaka 2018. Baada ya kucheleweshwa na korona, ikaanza kutumika tarehe 14 Februari 2021: kila shirika la ndege la kibiashara la huko lazima liwape marubani wake mpango wa msaada usio wa kuadhibu, wenye usiri, na wenye kulinda data za anayekuja. Marubani, nasema. Shangazi yangu na watu wa mizigo hawamo kwenye hiyo sentensi, hata kama angekuwa anafanya kazi Frankfurt. Kampuni inaweza kuwaongeza ikipenda.

Na usidhani hofu iliisha. Oktoba 2023, huko Marekani, rubani aliyekuwa anasafiri kama abiria kwenye kiti cha ziada chumbani mwa marubani alijaribu kuzima injini zote mbili ndege ikiwa angani. Wenzake walimzuia, ikatua salama. Baadaye alieleza kwamba alikuwa na mfadhaiko wa miaka tangu rafiki yake afe, na hakutafuta matibabu kwa kuogopa kuzuiwa kuruka. Desemba ile ile wachunguzi wa ajali wa Marekani, NTSB, waliitisha mkutano mzima kuhusu hiyo hofu. Kumbuka hiyo ni nchi iliyoanza HIMS 1974.

Hesabu ndogo ina uso

Sasa swali la yule ofisa aliyemwomba shangazi takwimu. Na nitakuwa mwadilifu: si swali la kijinga. Ukitoa pesa ya chumba na chai, una haki ya kujua kama kuna mtu anakuja. Na hata kikundi chenyewe, bila kuhesabu chochote, kitajuaje kwamba watu wa zamu ya usiku ndio wanaoumia zaidi?

Mipango ya kisasa ya marubani inajibu hivi: kampuni inapewa jumla, haipewi watu. Mwaka huu walikuja kadhaa, shida kubwa ilikuwa ndoa, kisha usingizi, kisha pesa. Basi.

Lakini hata jumla ina mtego, na huu ndio uliniamsha kabisa. Shirika lenye marubani elfu tano likisema "watatu walikuja kwa sababu ya pombe", hujui ni nani. Kikundi cha shangazi kina watu 31. Ukiandika "mmoja, mwanamke, idara ya mizigo, zamu ya usiku, miaka 40 kwenda juu", hujaandika jina, lakini umemtaja. Kila mtu pale anajua ni nani. Kufuta safu ya majina na kuacha safu nyingine zote ni kumfunika mtu uso kwa kitambaa ukamwacha na sare yake yenye namba.

Hapa nyumbani

Turudi Kenya, kwa sababu kuna kitu kuhusu lile swali langu la mwisho, "umewahi kufikiria kujiua", ambacho sikukifikiria.

Hadi juzi tu, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema anayejaribu kujiua ametenda kosa la jinai, na angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Kifungu hicho tulikirithi kutoka kwa sheria za mkoloni. Waingereza wenyewe walikifuta kosa hilo kwao mwaka 1961, sisi tukabaki nalo. Ni tarehe 9 Januari 2025 ambapo Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, kwenye kesi iliyopelekwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili.

Kwa hivyo fikiria kikundi cha shangazi 2020, 2021, 2022. Mwenzao amejaribu, ameokolewa, amekuja kukaa nao. Katibu wa chama, ambaye kazi yake ni kuandika kila kitu, kutoka michango mpaka faini za kuchelewa, angeandika hiyo kwenye daftari? Angekuwa ameandika ushahidi. Wao hawakuwa wamesoma sheria yoyote, lakini shangazi aliniambia katibu alikuwa anafunga daftari kila wakipomaliza mambo ya pesa. Analifunga, analiweka kwenye mkoba, mkoba unafungwa zipu. Ndipo watu wanaanza kuongea.

Manze. Nilikuwa naenda kuwafundisha takwimu watu ambao tayari walijua lini pa kufunga daftari.

Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, ina maneno ambayo watu hawayasomi vizuri. Haisemi tu habari zako za faragha zisifichuliwe bila sababu. Inasema pia *zisidaiwe* bila sababu. Yaani kosa linaweza kuanza kwenye kuuliza, kabla hata ya kuvujisha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ikafuata na kusema kusanya kile tu unachohitaji kwa kazi uliyoitaja, na ikaweka habari za afya kwenye fungu la data nyeti, zenye ulinzi zaidi. Mtu pia ana haki ya kuondoa ruhusa aliyotoa. Fomu yangu haikuwa hata na mahali pa mtu kusema "nimebadilisha mawazo".

Daftari langu mimi

Sasa niwaambie kwa nini hii kitu ilinishika hivi, maanake mimi si mtu wa ndege.

Mwaka wangu wa pili chuoni mambo yalikuwa yameharibika. Sitaingia ndani. Siku moja nikapata nguvu ya kwenda ofisi ya ushauri nasaha. Mlangoni kulikuwa na daftari kubwa la jalada jeusi: jina, namba ya usajili, kozi, sababu ya kuja. Unajaza wewe mwenyewe, chini ya aliyekutangulia. Na aliyenitangulia alikuwa msichana wa darasa letu. Sikutaka kusoma. Macho yalisoma. Mpaka leo najua kitu kumhusu ambacho hakuniambia.

Nikashika kalamu. Kwenye sababu nikaandika "kubadilisha kozi". Nikaingia, mama wa watu akasoma, akanishauri vizuri sana kuhusu kubadilisha kozi. Dakika 20. Nikashukuru nikatoka. Baada ya miezi mitatu nikawa nimeacha chuo.

Sisemi daftari ndilo lilinitoa chuo. Kulikuwa na mambo mengi. Lakini mahali fulani kuna ripoti ya mwaka ya ile ofisi, na ndani yake mimi ni namba moja chini ya "masuala ya masomo". Data safi, imepangwa vizuri, na ni uwongo. Ndio maana nasema maadili ya kukusanya data si mapambo ya wanasheria. Ukimwogopesha mtu anayejaza, hupati ukweli kabisa. Unapata "kubadilisha kozi".

Tulichofanya

Nilipofungua fomu kuifuta niligundua kitu kibaya zaidi. Nilikuwa nimewasha kile kitufe kinachomruhusu anayemaliza kujaza aone muhtasari wa majibu ya wengine. Kwa hivyo wa pili angeweza kuona ya wa kwanza, wa tisa angeweza kuona ya wote wanane. Nani aliangalia? Sina njia ya kujua. Nilimwambia shangazi. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu, halafu akasema, "Utakuja uwaambie wewe mwenyewe."

Nikaenda. Jumapili alasiri, nyuma ya hoteli moja ndogo ya chapati karibu na stendi. Nikawaambia wote tisa, mmoja mmoja, kando. Wengine walicheka wakasema hakuna shida. Mwanamume mmoja hakucheka. Aliniuliza kama naweza kumhakikishia kwamba hakuna aliyeona. Nikasema hapana, siwezi. Akaitikia kwa kichwa akaenda kuketi. Hajarudi kwa kikundi tangu siku hiyo. Nimefuta fomu na majibu yote, lakini yeye sijui namfutia nini.

Siku hizi wanafanya hivi. Kila mkutano kuna kopo na maharagwe. Ukitoka unatia harage moja. Mwisho wa mwezi wanahesabu: mikutano minne, maharagwe kadhaa. Kila miezi mitatu wanakubaliana kwa mdomo ni mambo gani matatu yalisumbua watu wengi, na shangazi anaandika hayo matatu tu, bila idadi, bila idara. Na kabla mtu mgeni hajaanza kuongea, anaambiwa mpaka uko wapi: yote yanabaki hapa, isipokuwa tukiona unaenda kujidhuru ama kudhuru wengine, hapo tutatafuta msaada, na tutakuambia wewe kwanza kabla ya kumwambia yeyote. Simu za wataalamu wanazo kwenye kikaratasi, kila mtu na chake.

Ofisi iliambiwa hivyo ndivyo takwimu zitakavyokuwa. Ofisi ikasema itafikiria. Bado inafikiria. Chumba hawana, chai wanajinunulia, na mvua ikinyesha mkutano unahamia chini ya paa la stendi.

Nilimuuliza shangazi kama anajuta, maanake nauli ingewasaidia wale wanaotoka mbali. Akaniambia, "Nauli tutachanga. Si tulianza kama chama?"

Yule wa kumi, aliyeuliza nani atasoma, bado anakuja. Sijui jina lake. Nilitaka kumuuliza shangazi, nimshukuru, halafu nikaacha.

Kwa hivyo wewe mwenye kikundi, wewe wa rasilimali watu, wewe kijana mwenzangu unayelipwa kutengeneza fomu: kabla ya kuweka mstari wa "Jina", jibu kwanza lile swali la maneno mawili. Ukikosa jibu, funga daftari, ulitie kwenye mkoba, uvute zipu. Halafu keti usikilize.